Mwepesi wa Baridi

Neno lenyewe ni fupi, herufi nne: nesh.
Ukilitamka polepole utasikia kiatu
kikikanyaga theluji iliyoanza kuyeyuka.
Babu yangu, Hallam Bexon, mchimba makaa wa Nottinghamshire,
alilirusha kama watu warushavyo kijiwe:
kwa mjomba Cyril, aliyevaa glavu mwezi wa Oktoba,
kwa mchungaji mgeni aliyeomba kiti cha karibu na jiko,
kwangu mimi, umri miaka saba,
nilipogoma kunawa uso kwa maji ya bomba la uani.
Nesh. Basi. Hakuongeza kitu.
Hakuna tusi la nguoni lililowahi kuniuma vile.

Maana yake si mgonjwa.
Si mwoga pia, ingawa nyumba zao zimepakana.
Ni mwepesi wa baridi:
atetemekaye wenzake wakiwa wamekunja mikono ya mashati,
aulizaye mara mbili kama dirisha limefungwa.
Na kwetu, ambako wanaume walishuka shimoni alfajiri
wakapanda na mapafu meusi, wakajizuia kukohoa
mpaka wafike nyuma ya banda la kuku,
hapakuwa na aibu kubwa kuliko hiyo.

Nilipofika miaka kumi na tisa nikaenda maktaba ya Mansfield,
nikafungua kamusi nene kama tofali.
Sikufichi: nilitaka kulikuta na wazazi wabaya.
Nilitaka ukoo wa wezi.

Nikakuta ulaini.
Zamani sana, kabla Waingereza hawajajua kwamba ni Waingereza,
neno lilianza na h,
pumzi ndogo mbele ya n,
kama mvuke utokao kinywani asubuhi ya barafu.
Waliliambatisha na kitu kororo kikibonyezwa,
na moyo unaoingilika.
Wagothi walikuwa na ndugu yake; kwao
liliyasifu mavazi mororo, ya watu wa majumba ya wafalme.
Karne zikapita, pumzi ile ikakatika.
Neno likashuka ngazi, likavua hariri,
likabaki kaskazini na kati, midomoni mwa wakulima
na wafumaji na wachimba makaa,
ambao hawakuwa na cha kororo cha kulipa kazi,
wakalifanya fimbo.

Si fimbo tu, lakini.
Nikiwa pale, kidole kwenye ukurasa, nikaukumbuka usiku mmoja wa Mei.
Redio ilikuwa imetangaza jalidi.
Babu alitoka na koti lake la pekee la maana,
lile la mazishi,
akalitandaza juu ya miche ya nyanya,
akalibana kwa mawe pembeni, akasimama na fulana,
mikono nyekundu kama nyama ya buchani.
Nilimuuliza kwa nini.
"Ni nesh," akasema, akiionyesha kwa kidevu.
Kwa sauti ambayo sisi wanadamu hatukuwahi kupewa.

Sikumwambia niliyoyasoma. Angesema kamusi haijawahi kubeba sepeto.

Januari hii amelala wodi ya nne, kitanda cha ukutani.
Amekonda hata pete amevuliwa, imo kwenye bahasha.
Jana aliomba blanketi la pili.
Muuguzi akamletea, akampima, akasema homa hana.
Babu akageukia ukuta.
"Nimekuwa nesh," akasema,
ila kifua hakikumruhusu kulianza neno sawasawa:
ilitangulia pumzi, ndefu, yenye mkwaruzo,
ndipo n ikafuata.
Ile h ilikuwa imerudi mahali pake.

Nilitafuta la kujibu. Nilikuwa na kurasa nzima kichwani,
Wagothi na mavazi yao, mioyo, miche.
Nikamfunika mabega.
Akauliza kama dirisha limefungwa.
Lilikuwa limefungwa.
Nikainuka, nikaenda kulikagua tena.